Kikombe katika Gunia la Benyamini



Mwezi huu twaziweka kando habari za shule ya Jumapili tulizokusudia kuziandika, kwa sababu imetufikia barua ambayo hatukuweza kuiacha ingoje zamu yake. Imetoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Mbeya. Jina lake na kijiji chake twavisitiri kama alivyotuomba, nasi twaeleza kwa ufupi tu yaliyompata.

Usiku mmoja askari walimgongea mlango, wakamwomba aje awe shahidi katika upekuzi wa nyumba ya jirani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa safarini, na mwalimu ni mtu anayeaminiwa na watu wote. Akavaa koti lake, akafuata. Alipoingia ndani alikuta kiroba kimekwisha kuwekwa juu ya meza, nacho kimefunguliwa, na kijana wa nyumba ile ametiwa pingu. Akaonyeshwa majani makavu, akaambiwa kuwa ni bangi, akapewa karatasi na kalamu. Akatia sahihi. Baadaye aliitwa mahakamani, akaulizwa kama sahihi ile ni yake, akajibu ndiyo. Hakuulizwa zaidi, naye hakuongeza neno. Kijana akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Sasa rufani yake inangoja kusikilizwa katika Mahakama Kuu, na kila Jumapili mama yake huketi benchi moja na mwalimu kanisani. “Sikusema uongo,” atuandikia mwalimu, “lakini sikusema kiroba kilikuwa wapi nilipoingia.” Anauliza kama jambo hili limekwisha kupita, au liko neno awezalo kulifanya.

Twajibu kwamba halijapita. Walakini ili jibu letu lieleweke, hatuna budi kueleza kwanza rufani ni kitu gani, kwa maana tumeona kwamba wengi wetu, hata walimu, hatuijui sawasawa.

Watu wengi hudhani kukata rufani ni kwenda kumlilia mkubwa ili apunguze adhabu. Sivyo. Kuomba msamaha ni njia nyingine, nayo kwa sheria ya nchi yetu huishia kwa Rais. Mwenye kukata rufani haombi kusamehewa. Anasema kwamba hukumu ile haikusimama juu ya msingi, na anawataka majaji waufukue msingi wautazame. Mtume Paulo naye, aliposimama mbele ya Festo, hakuomba huruma, bali alitaka shauri lake lipelekwe kwa Kaisari. Na mtakumbuka jinsi Festo alivyotaabika baadaye, kwa kuwa hakujua aandike nini juu ya mfungwa anayempeleka Rumi. Akaona ni upuuzi kumpeleka mtu pasipo kuonyesha hatia yake ni ipi. Liwali yule hakuwa mcha Mungu, lakini katika jambo hilo moja aliona vema.

Nasi hatuandiki haya ili kuitetea bangi wala unga. Wasomaji wetu wa Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma waijua barabara kuu ipitayo milangoni pao. Heroini itokayo Afghanistan huvushwa baharini kwa majahazi hata pwani ya Afrika Mashariki, na sehemu yake huchukuliwa kwa magari kuelekea nchi za kusini. Njia mojawapo ni hii yetu. Basi serikali imeikaza sheria. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1995, ikafuatwa na ile ya mwaka 2015, nayo ikaongezwa makali mwaka 2017. Leo mtu akithibitishwa kwamba amesafirisha dawa za kulevya, hata kama ni kiasi kidogo, hukabiliwa na miaka 30. Na viwango vikubwa ni kifungo cha maisha. Mwenye kijana wa miaka 22 na afanye hesabu mwenyewe.

Na kwa sababu adhabu ni nzito hivi, ndipo swali la kiroba kilikuwa wapi linapokuwa zito vilevile.

Tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 44. Ndugu za Yusufu wametoka Misri na nafaka zao, na msimamizi wa nyumba anawafuata mbio, anawasimamisha njiani, anayapekua magunia kuanzia la mkubwa mpaka la mdogo. Kikombe cha fedha kikaonekana katika gunia la Benyamini. Kilionekana kweli, mchana, mbele ya mashahidi kumi na zaidi, na wote walikiona kwa macho yao. Hata ndugu zake wenyewe hawakuwa na neno la kujibu, wakararua mavazi yao. Walakini sisi wasomaji twajua wasilolijua wao, ya kwamba aliyekipata kikombe ndiye aliyekitia. Kama Benyamini angalihukumiwa kwa macho ya waliokuwapo wakati gunia linafunguliwa, angalihukumiwa bila hatia. Ilikuwa lazima kuuliza nani alilishika gunia usiku ule kabla halijafungwa.

Hatusemi kwamba askari wetu hufanya kama msimamizi yule. Wengi wao ni waaminifu, na baadhi yao twashiriki nao meza moja ya Bwana. Lakini sheria haiwezi kusimama juu ya wema wa askari, kama vile mweka hazina wa usharika, hata akiwa mtakatifu, hahesabu sadaka peke yake chumbani.

Kwa hiyo mahakama zetu hudai kitu kiitwacho mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne, rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, iliyosikilizwa Dodoma, ilieleza kwamba ziwepo kumbukumbu zinazofuatana, zinazoonyesha kitu kilikamatwaje, kikatunzwa na nani, kikapita mikono gani, kikapimwa wapi, na mwisho wake ukawaje. Shauri lile halikuwa la dawa za kulevya, lakini maneno yake yamekuwa yakisomwa katika mashauri ya dawa za kulevya nchini kote, pamoja na vikao vya Mbeya na Iringa.

Mtu wa kawaida aufikirie mnyororo huo hivi. Kiroba kimetolewa chini ya kitanda. Hapohapo huandikwa hati ya ukamataji, nayo hutiwa sahihi na mpekuzi, mwenye nyumba na shahidi huru. Kituoni hukabidhiwa mtunza vielelezo, ambaye hukiandika katika daftari na kukipa alama. Hufungwa kwa lakiri. Kutoka hapo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda mjini Mbeya. Hupokewa na mtu, hufunguliwa na mtu, hupimwa, hufungwa tena, hurudishwa. Mwisho huletwa mbele ya hakimu. Kila mkono uliokigusa wapaswa kuonekana, ama kwa karatasi ama kwa mtu mwenyewe kusimama na kusema, “Nilipokea kwa fulani, nikampa fulani.” Maana konzi moja ya majani makavu hufanana na konzi nyingine, na unga mweupe wafanana na unga mweupe. Hakuna awezaye kuapa kwa kutazama tu kwamba hiki ndicho kile.

Twaongeza tahadhari hapa, kwa kuwa tumesikia vijana wakijivuna gerezani kwamba karatasi moja ikipotea basi mtu yuko huru. Si kweli. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi wa mdomo unaoaminika waweza kuziba pengo la karatasi, na kwamba vitu visivyo rahisi kubadilishwa au kuchezewa havidai ukali uleule. Majaji hutafuta kama liko shaka la haki, wala hawatafuti karatasi kwa ajili ya karatasi.

Sasa twaomba msafiri nasi mpaka India, kwa maana huko liko shauri linalogusa hasa jambo la mwalimu wetu, yaani shahidi wa upekuzi. Wala India si mbali nasi katika mambo ya sheria. Waingereza walipoitawala Tanganyika walituletea sheria kadhaa walizozitunga kwa ajili ya India, na mojawapo ni Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872. Mababu zetu walihukumiwa kwa sheria hiyo ya Kihindi mpaka Tanzania ilipotunga yake mwaka 1967. Wahindi wenyewe wameiacha juzi tu, mwaka 2024, ilipoanza kutumika sheria yao mpya.

Mwezi wa Agosti 1997, Mwafghani mmoja aitwaye Noor Aga alishuka katika uwanja wa ndege wa Amritsar, katika jimbo la Punjab. Alikuwa na katoni la zabibu. Watu wa forodha walisema kwamba katika katoni lile walikuta vifurushi vya heroini, uzito wake kilo 1.4. Sheria ya India ya mwaka 1985 kuhusu dawa hizi ni kali kama yetu, tena katika mambo fulani humgeuzia mshtakiwa mzigo wa kujieleza. Akatiwa hatiani. Akakata rufani katika Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana, ikakataliwa. Akaendelea mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya India, nayo ikatoa hukumu mwezi wa Julai 2008.

Majaji wale hawakuifuta sheria. Walisema sheria kali ni halali, na mshtakiwa aweza kutakiwa ajieleze; lakini kabla hajatakiwa, mwendesha mashtaka sharti kwanza athibitishe bila shaka kwamba kitu kile kilikamatwa kweli mikononi mwake. Na adhabu ikiwa kubwa, uangalifu nao sharti uwe mkubwa. Kisha wakautazama msingi, kama tulivyosema. Kielelezo chenyewe hakikuletwa mahakamani kama ilivyopasa. Maneno ya kukiri aliyoyaandika mbele ya watu wa forodha aliyakana baadaye, nayo hayakuweza kuubeba mzigo peke yake. Na wale mashahidi wawili huru, ambao kwa desturi ya India huitwa ili wauone upekuzi kwa niaba ya watu wote, hawakuletwa kabisa kutoa ushahidi. Hukumu ikatenguliwa. Tangu kukamatwa hata siku ile ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja hivi.

Hukumu za India hazizifungi mahakama zetu. Mawakili huzisoma mbele ya majaji wetu kama mtu aletaye shauri la jirani mwenye busara. Twaileta hapa kwa ajili ya wale mashahidi wawili. Huko Amritsar hawakuja. Huku kwetu mwalimu alikuja, akasema nusu ya alilolijua. Kwa kijana aliye kizuizini, tofauti yake ni ndogo sana.

Basi, ndugu mwalimu, jibu letu ni hili. Rufani husikilizwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa, na kwa kawaida hakuna shahidi mpya anayeitwa. Lakini Mahakama Kuu ina uwezo kwa sheria ya kupokea ushahidi wa nyongeza katika rufani, ikiona ni lazima na ikipewa sababu. Haifanyi hivyo kila siku, nawe usimwahidi mtu. Mlango huo hata hivyo uko. Nenda kwa wakili wa kijana. Kama hana wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka njia ya kuwasaidia wasio na uwezo, na ofisi ya mahakama itakuelekeza. Mweleze yote, uyatie katika hati ya kiapo: saa uliyofika, nani alikuwa ndani, kiroba kilikuwa wapi. Usizidishe. Hukuona mtu akikitia kiroba ndani ya nyumba ile, kwa hiyo usiseme kwamba kilitiwa. Yawezekana kijana ni mwenye hatia kweli. Sisi hatujui, na wewe hujui. Unalolijua ni kwamba ulitia sahihi kuwa umeuona upekuzi ambao hukuuona.

Utaulizwa mbona hukusema mapema, na huenda ukaaibishwa mbele ya watu. Hilo hatukufichi. Aliyejibu alichoulizwa hakusema uongo, lakini wakili ndiye atakayekueleza usimame wapi; ndiyo sababu twakutuma kwake kwanza, kabla ya wazee wa kanisa na kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hapa twakiri kwamba sisi tuandikao ukurasa huu tulibishana. Mmoja wetu alisema mwalimu amwendee kwanza mama wa kijana, kwa kuwa ndiye aliyekosewa, naye huketi karibu naye kila Jumapili. Wengine tuliona kwamba mama akipewa tumaini ambalo huenda likavunjika baada ya wiki mbili, atakuwa amefungwa mara mbili. Tumeandika kwa shauri la walio wengi. Yule mwenzetu bado hajaridhika, na huenda yeye ndiye aliye sawa.

Kwa walimu wengine, wazee na wajumbe wanaoitwa usiku kama alivyoitwa huyu: kukubali kuwa shahidi ni jambo jema, msikatae. Lakini ingieni pamoja na wapekuzi, si nyuma yao. Kabla hawajaanza, waombeni kwa adabu wawaonyeshe mikono na mifuko yao. Askari ajuaye kazi yake hatachukizwa, maana jambo hilo lamlinda yeye pia. Someni karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Na kama mlifika mambo yamekwisha kutendeka, andikeni kwa mkono wenu juu ya sahihi, “Nimefika saa fulani, nikakuta kitu kiko mezani.” Mstari huo mmoja, kama ungaliandikwa usiku ule, leo tusingalikuwa na barua hii.

Iko barua ya pili, fupi, kutoka kwa mama mjane wa Iringa, ambaye mwanawe naye amefungwa kwa kosa la namna hii. Amekuja mtu kumwambia kwamba rufani haiendi bila fedha ya kuisukuma, naye ameanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake. Mama yetu, usimwuze ng'ombe. Mfungwa akihukumiwa katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, hutoa taarifa ya kusudi la kukata rufani katika siku 10, na hati ya rufani katika siku 45, wala siku za kungojea nakala ya hukumu hazihesabiwi. Akishindwa Mahakama Kuu na kutaka kwenda Mahakama ya Rufani, hutoa taarifa katika siku 30. Hati hizo humpa mkuu wa gereza, naye ndiye azipelekaye mahakamani. Siku zikimpita kwa sababu ya haki, aweza kuomba aongezewe. Hakuna dalali katika njia hiyo yote. Nenda gerezani siku ya kuonana na wafungwa, umwulize mwanao kama ametoa taarifa, na tarehe gani, kisha utuandikie.

Neno moja limebaki, nalo latoka kwa wazee wa usharika mmoja ambao hatuutaji. Wanasema kijana wao alirudi nyumbani baada ya kushinda rufani, lakini “alipenya kwenye tundu la sheria tu,” na hivyo wanasita kumrudishia kiti chake katika kwaya. Wazee wetu wastahiwa, rufani ina miisho mbalimbali. Hukumu yaweza kuthibitishwa, yaweza kutenguliwa mtu akaachiwa, au shauri laweza kurudishwa lisikilizwe upya. Na tangu mwaka 1966, katika shauri la Fatehali Manji lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, majaji wetu hufuata kanuni kwamba shauri halirudiwi ili mwendesha mashtaka apate kuziba matundu ya ushahidi wake. Kama kijana wenu aliachiwa, basi majaji waliokaa na kusoma kila karatasi waliona haikuthibitishwa kwamba alitenda. Ninyi mmesoma karatasi gani? Kama mnayo habari ya mwenendo wake wa leo, mwulizeni ya leo.

Tulipokuwa tukizipeleka kurasa hizi kwa mpiga chapa, kadi ya mwalimu ilitufikia. Amekwisha kuonana na wakili mjini Mbeya, na hati ya kiapo inaandikwa. Na mama wa kijana hajaambiwa bado. Mwalimu asema wakili atakapomruhusu atakwenda kwake nyumbani, si kanisani, naye atakwenda pamoja na mkewe.